Majani ya Punda wa Bethlehemu

Jumatatu, 19 Desemba 1994. Murukulazo.

Daftari jipya! Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mke wangu Kanyange anasoma Kirundi tu, kwa hiyo humu niko huru. Kweli, ameanza kwenda kwa mama Leonsia kufundishwa Kiswahili, lakini ni wiki ya tatu tu. Sina wasiwasi.

Leo binti yetu Diane, miaka saba, ameuliza kama punda atakuja. Kule kwetu Giteranyi, Burundi, kila mkesha wa Noeli, baba alikuwa akitutuma kukata majani mabichi. Mengi tulitandaza sakafuni. Fungu moja tuliliacha mlangoni kwa ajili ya punda aliyembeba Mama Maria. Asubuhi majani yameliwa, na mahali pake pana mandazi. Ya moto! Mpaka leo sijui mzee alifanyaje. Harufu ya yale majani bado ninayo puani.

Mwaka jana tulikuwa chini ya turubai, tuna miezi miwili tu tangu tukimbie vita. Hakuna aliyeuliza habari za punda. Mwaka huu tuna kijumba cha udongo kwenye shamba la Laurian. Punda lazima aje.

Jumatano, 21 Desemba.

Kanyange amekataa mambo ya punda. Anasema Yesu ana ukweli wa kumtosha, haombi nyongeza. Nikamkumbusha kwamba mwaka tulipooana naye aliyala yale mandazi. Akatabasamu kidogo, kisha akakataa tena.

Laurian, mwenye shamba, ambaye pia ni katekista, akajiingiza bila kuitwa. Ati amesoma Luka mara tatu, hajamkuta punda. Nikamuuliza Maria alifika Bethlehemu kwa lori? Hakucheka. Huyu hacheki hata harusini.

Jioni Diane akasema jambo lililonikosesha chakula. Kama punda hajui tulipohamia, basi hata babu hajui. Baba alikataa kuvuka mpaka nasi, alisema hawezi kuiacha migomba yake. Tangu hapo hatujapata habari zake. Nikamwambia Diane punda anajua njia. Nimeahidi! Mungu anisamehe, lakini nimeahidi.

Ijumaa, 23 Desemba.

Mpango tayari. Punda hapa hakuna, lakini Laurian ana mbuzi, na majani yaliyoliwa hayasemi yameliwa na nani. Jumapili wote watakwenda misa. Mimi nitaumwa tumbo. Nitamleta mbuzi, ale fungu la mlangoni, nimrudishe, kisha niweke mandazi na utepe mwekundu wa Diane. Sitatamka uongo hata mmoja. Tumbo halihesabiki.

Nimejaribu kugumia kidogo mbele ya Kanyange ili azoee. Alinitazama kwa muda mrefu. Naona ameamini.

Jumapili, 25 Desemba. Noeli.

Aibu! Aibu tupu!

Ilianza vizuri. Waliondoka, nikamvuta mbuzi, akaanza kula. Nikajilaza nimsubiri amalize. Kosa! Majani mabichi niliyokata jana na Diane yako sakafuni, harufu ile ile. Kwa mara ya kwanza tangu tuvuke nikajiona niko kwetu, mtoto, namsikia baba akikohoa uani. Nikapitiwa na usingizi mzito, mtamu.

Kumbe Laurian ametangaza kanisani kwamba ndugu Felisiani ni mgonjwa sana, twende tukamwombee. Wakaja wote. Na kwaya! Nafumbua macho, mlango umejaa watu, na mbuzi kasimama juu ya mkeka, utepe unaning'inia mdomoni. Mandazi hakuna. Kitabu cha nyimbo cha Kanyange kimeliwa kuanzia Majilio hadi Kwaresima. Laurian alimtambua mbuzi wake kabla hajanitambua mimi.

Wote hao sikuwajali. Nilimtazama Diane tu. Nilijua nimemnyang'anya punda, na babu pamoja naye. Nilitamani ardhi inimeze.

Diane alimkagua mbuzi kuanzia pembe hadi mkia. Kisha akawaeleza watu, kwa sauti ya mwalimu, kwamba punda amezuiwa mpakani kwa sababu hana kibali, ndiyo maana amemtuma mbuzi. Na kama mbuzi ametufikia, basi nyumbani wanajua tulipo. Ni babu aliyemwelekeza.

Laurian, naapa, akasema kweli vibali siku hizi ni shida. Kanyange akajifunika uso kwa kitenge, sikujua kama anacheka au analia. Mimi nililia. Nikasingizia tumbo.

Jumanne, 27 Desemba. Asubuhi.

Nimetubu. Laurian amenipangia siku tatu za kupalilia maharage yake, na ni haki. Kanyange ameniambia taratibu kwamba siku ya Noeli mtoto alimhitaji baba yake kanisani kuliko mbuzi nyumbani. Nimekubali kila neno. Sitafanya hila tena maishani.

Ila nimesikia kwamba Lusahunga, pale yanaposimama malori, yuko Msukuma mwenye punda. Punda halisi! Tukipatana sasa, mwakani hatutahangaika. Nitamwambia Kanyange naenda kutafuta chumvi.

Jioni.

Nimemwambia habari za chumvi. Akaingia ndani, akatoka na kamba, akasema mwenye punda hatanipa na kamba yake. Nimeduwaa! Habari za yule Msukuma sijamwambia mtu, nimeziandika humu tu. Tena akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mandazi ya baba yalikuwa ya moto kwa sababu marehemu mama aliamka alfajiri kuyakaanga. Mama mwenyewe alimnong'oneza mwaka tulipooana. Mwakani, anasema, atayakaanga yeye.

Mke wangu ana kipaji cha ajabu, anasoma mawazo ya mtu. Bahati nzuri Kiswahili bado hakijui.