Vikombe Viwili, Tromboni Moja

Jumatatu, 7 Julai. Ukungu asubuhi, baadaye vumbi.

Habari kubwa! Kanisa moja la Nyamitanga, kule Mbarara, limealika fanfari yetu, bendi ya matarumbeta na ngoma, Jumapili. Lori la kutubeba lipo, chakula kipo. Tatizo ni moja: tuna tromboni moja na wapulizaji wawili, mimi na Emery. Papa Vénant, kiongozi wetu, atatupima Jumamosi. Kila mmoja atapuliza machi ya harusi, muziki mchangamfu wa kwenda nao kwa hatua, kisha wimbo wa ibada, ule mzito wa taratibu. Mshindi anakwenda. Mwingine anabaki hapa kambini Nakivale kufagia kanisa.

Mimi nimesoma sekondari. Nafikiri kwa utaratibu. Nimejiuliza Emery ananishinda kwa nini. Si akili. Bidii anayo, lakini bidii haielezi kitu. Jibu: kikombe! Tromboni yetu hulala kwa Papa Vénant, ila kile kikombe kidogo cha shaba cha kupulizia kila mtu ana chake, anakitunza mfukoni kama mswaki. Changu niliachiwa na marehemu mjomba, kina pengo ukingoni. Cha Emery kinang'aa. Basi.

Mpango: vikombe viwili. Kimoja cha machi, kimoja cha ibada. Emery ana kimoja cha kila kitu, kama mtu anayekwenda shambani na harusini kwa viatu vilevile.

Jumanne, 8 Julai. Jua kali tangu mapema.

Nimekwenda Mbarara. Nimebeba samaki wakavu wa mama, wale aliowaweka kwa ajili ya wageni. Hakuna mgeni aliyetajwa kwa jina, kwa hiyo sikuona kosa.

Mtu wangu ni Afande Naboth, mstaafu wa bendi ya jeshi. Amenipokea vizuri. Alipoona samaki alinipokea vizuri zaidi, akaleta boksi la viatu limejaa vikombe. Alieleza, nami nikaandika. Kikombe chenye kina kirefu hutoa sauti pana, tamu kwa ibada, ila kinakula pumzi. Chenye kina kifupi hutoa sauti kali, noti za juu huja kwa urahisi, kinafaa machi na dansi. Lakini chini kinalia kama mbuzi mwenye mafua. Ukingo mpana huistahi midomo, mwembamba huikata.

Nikamwuliza yeye alitumia vingapi jeshini. Akasema, "Mimi? Moja tu, miaka yote. Hii kazi iko kwa mdomo na pumzi, madamu." Unyenyekevu wa wanajeshi! Nimechukua viwili. Cha kina kirefu nimekiita Ibada, cha kina kifupi Harusi.

Mlangoni aliniuliza kama tundu la tromboni yetu ni pana au jembamba, maana shina la kile cha Ibada ni nene. Nilijibu kwamba ni la kawaida. Mtu aliyesoma haonyeshi kutojua mbele ya jeshi.

Jumatano, 9 Julai. Mawingu ya bure, hakuna mvua.

Mama amegundua samaki. Kumbe wageni walikuwa na majina: shangazi zangu wawili kutoka Rubondo, upande mwingine wa kambi. Wamekula sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo, na mama amewaeleza mbele yangu samaki walikokwenda. Shangazi mkubwa alikigeuzageuza kikombe cha Ibada mkononi, akauliza kama kikichemshwa sana kinalainika.

Jioni Emery, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, alipita uani kwetu. "Yaya Nabintu, nasikia uko na bikombe bibili. Unafungua hoteli ya chai?"

Nilimjibu kwamba atakunywa hiyo chai Jumamosi. Akasema basi nisisahau sukari. Mama alicheka. Mama yangu mwenyewe!

Alhamisi, 10 Julai. Upepo, vumbi hadi ndani ya sufuria.

Zamu yangu ya kukaa na tromboni. Kikombe cha Harusi kimeingia vizuri. Cha Ibada hakiingii. Kinasimama juujuu, kama kofia ya mtoto kichwani mwa mtu mzima. Tatizo dogo la kiufundi. Nimekaa nyuma ya nyumba nikisugua shina lake kwenye jiwe la kunolea visu mpaka giza likaingia. Sikupata nafasi ya kupuliza hata noti moja. Haidhuru. Chombo kikiwa tayari, muziki hujileta.

Upande wa pili wa ua nimesikia vuuu, vuuu, kama nyuki ndani ya mkebe. Ni Emery, anapuliza kikombe kitupu bila tromboni. Anafanya hivyo kila siku. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 12 Julai. Baridi asubuhi, halafu jua.

Mtihani. Kanisani, mbele ya fanfari nzima na akina mama wa kwaya. Nimeanza mimi, kwa heshima ya umri.

Machi, kwa kikombe cha Harusi. Sauti ilimeremeta. Noti mbili zilipasuka, lakini zilipasuka kwa kung'aa. Kisha, taratibu, ili wote waone, nikatoa kikombe cha Harusi na kuweka cha Ibada. Kikagoma. Nikakizungusha. Nikakigonga kidogo kwa kisigino cha kiatu. Kikaingia!

Mstari wa kwanza, mabati ya kanisa yaliitika. Sijawahi kutoa sauti kama ile. Ng'ombe wa Ankole akiita ndama wake. Mstari wa pili, pumzi ikapungua. Wa tatu, nikaona nyota mchana. Wa nne ulinikuta nimekaa kwenye benchi, mama mmoja wa kwaya ananipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Zamu ya Emery. Akavuta kikombe changu ili aweke chake. Hakitoki. Papa Vénant akavuta. Wapiga ngoma wawili wakavuta, mmoja huku, mwingine kule. Wakaleta mafuta ya mawese, wakaleta maji ya moto. Hakitoki! Kizunguzungu changu kilipona palepale. Nilimweleza Papa Vénant kwa upole kwamba tromboni sasa inakubali kikombe changu tu, na kikombe changu kina mwenyewe, kwa hiyo swali la Mbarara limejijibu.

Emery alikifuta kikombe kwa leso, akapuliza. Machi! Kwa kikombe cha Ibada! Kinyume kabisa na nilivyoandika. Akina mama wakaanza kucheza katikati ya mabenchi. Kisha wimbo wa ibada, mistari yote minne. Yule aliyekuwa ananipepea aliacha kunipepea, akafuta machozi kwa kitenge.

Papa Vénant alikuja kukaa kando yangu. "Nabintu, mutoto wangu," akasema, "kikombe ni ile ile. Yeye anapuliza kila siku, weye unasugua."

Emery anakwenda. Kikombe changu nacho kinakwenda, maana hakitoki.

Jumapili, 13 Julai. Anga safi kabisa, kama kunikera.

Lori limeondoka asubuhi. Nimefagia kanisa. Jioni walirudi wanaimba. Inasemekana watu wa Nyamitanga waliisifu tromboni kuliko kitu kingine chochote. Emery amekuja kunishukuru, tena kwa heshima, bila utani wa chai.

Nimetafakari kwa utaratibu. Hitimisho: nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kikombe nilikichagua mimi. Kimekwenda Mbarara, kimesifiwa. Emery alifanya kazi ya lori: alikibeba tu.

Halafu Papa Vénant akaniita. Mpiga ngoma kubwa anahamia Kampala, na fanfari inataka mtu. Akaniomba nichukue ngoma, akaongeza kwamba ngoma haina kikombe. Watu walicheka kupita kiasi. Nianze kesho asubuhi, alisema, kila siku, hata kwa mikono mitupu juu ya gunia la mahindi.

Nimekubali. Kwa furaha! Ila kesho asubuhi haitawezekana. Nimeichunguza fimbo ya ngoma. Kichwa chake ni cha kitambaa, laini, sawa kwa ibada. Lakini machi? Machi inataka kichwa kigumu, hata mtoto anaona. Na miaka yote hii wamekuwa wakipiga kila kitu kwa fimbo moja! Nakwenda Mbarara kwa gari la kwanza kumwona Afande Naboth.

Sasa ni saa saba usiku, na bado nawaza ukubwa wa vichwa vya fimbo.