Kifaa cha Kazi cha Injinia Marselino

Nyumba iliyokwama kwenye lenta ina harufu yake, na Marselino aliinusa kabla hata hajakata kona. Kuta zimepanda, paa hakuna, majani yameota sebuleni. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa kanga mbili, kakaa juu ya tofali mlangoni anaitazama kama mtu anayeuguza. Kahama nyumba za namna hiyo ni nyingi, lakini yenye mama aliyekaa peke yake, bila mume wala shemeji wa kuuliza maswali, hiyo ni zawadi. Marselino akafunga breki pikipiki yake nyekundu, ile yenye maandishi MVUMILIVU HULA MBIVU kwenye madigadi ya nyuma, akajisemea moyoni kwamba Mungu hamtupi mja wake. Mungu wa watu! Kila tapeli humsingizia.

Tumfahamu kidogo huyu bwana. Maisha yake yote Marselino hakuwahi kukoroga hata ndoo moja ya zege. Alikuwa na kofia ngumu nyeupe aliyoinunua mnadani na futi ya kupimia, na kwa vitu hivyo viwili leo alikuwa injinia. Wiki mbili nyuma, huko Runzewe, alikuwa mpimaji wa dhahabu. Alichukua dhahabu ya kijana mmoja mchimbaji, Mayala, ili akaipime usafi wake, na mpaka leo anaipima. Dhahabu yenyewe ilikuwa ndani ya soksi, soksi chini ya kiti cha pikipiki, ikisubiri wanunuzi wa Geita wasahau sura yake.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia, Kisukuma cha kuazima.

"Mwangaluka, baba. Karibu tofali."

"Shikamoo. Mama, hii nyumba inalia."

"Marahaba. Inalilia nini?"

"Inalilia mafundi. Mimi ndiye injinia wa mafundi. Naitwa Marselino."

Mama alimtazama, akaitazama pikipiki mbele na nyuma, akajitambulisha kuwa yeye ni Mama Suzana, mzaliwa wa Samuye. Ng'ombe anawajua, nyumba hazijui. Mwanawe wa kiume anaoa. Wakwe wanatoka Geita baada ya wiki sita kuja kuona binti yao Noela ataishi wapi, na baba yake Noela kaapa kwamba mwanawe haingii kwenye nyumba isiyo na paa. Pesa ya kumalizia ilikuwepo, ikapotea.

"Pole sana, mama. Ilipoteaje?"

"We acha tu, baba. Dunia ina watu."

"Ina watu kweli," alisema Marselino kwa uchungu wa dhati. "Sasa sikiliza. Watu wanadhani nyumba ni fundi mmoja, ndiyo maana zinawashinda. Kuna mwashi, wa tofali na plasta. Kuna seremala wa kupaua na seremala wa milango, hao ni wawili na hawasalimiani. Kuna fundi bomba, fundi umeme, fundi marumaru, fundi rangi."

Mpaka hapo alikuwa hajadanganya. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini ukweli haumjazi tapeli tumbo.

"Halafu kuna fundi mwangwi."

"Wa nini huyo?"

"Wa kuondoa mwangwi, mama. Usipomweka, ukikohoa ndani wanakusikia barabarani. Kuna fundi upepo, anayeyaelekeza madirisha. Na kuna fundi kona."

"Kona si anazijenga mwashi?"

"Anazijenga. Fundi kona anazituliza."

"Yesu wangu!" Mama Suzana akashika shavu. "Kumbe ndiyo maana nimekwama!"

Akafungua pindo la kanga. Laki nane zilizobaki ni za kuanzia, alisema, na milioni nne za ng'ombe siku ya kukabidhi nyumba. Marselino akanyoosha mkono, mama akafunga pindo.

"Ila kwetu, baba, fundi akipewa kazi anaacha kifaa chake kwa mwenye nyumba mpaka amalize. Mwashi anaacha mwiko, seremala anaacha msumeno, asubuhi nampa, jioni anarudisha. Wewe kifaa chako nini?"

Marselino akatoa futi. "Hiyo hata mimi ninayo, ya kushonea," alisema mama. Akatoa kofia. "Kofia si kifaa, kofia ni vazi." Kisha mama akaigeukia pikipiki nyekundu. "Injinia si anazunguka kukagua? Anazunguka na nini?"

Hapa ndipo mwenye akili angeondoka. Lakini pindo lilikuwa limefunguliwa tena, na noti zile zilikuwa mpya. Marselino akahesabu haraka: achukue laki nane, jioni arudi kuomba pikipiki akakague mbao, aondoke mazima. Akatoa funguo. Mama Suzana akaisukuma pikipiki mwenyewe hadi stoo ya nyumba aliyopanga hapo jirani, akatia kufuli kubwa kama ngumi.

Jioni alirudi. "Mama, nikakague mbao."

"Mbao ziko hapo kwa jirani, baba, kifaa hakihitajiki. Tembea, ni afya."

"Basi nitoe karatasi zangu chini ya kiti."

"Karatasi haziozi."

Usiku ule Marselino hakulala. Akakimbie na laki nane aiache dhahabu ya mamilioni? Potelea mbali, akasema, nitamletea mafundi wa kuigiza, wapige kelele siku mbili, nyumba ionekane inajengwa, nichukue changu.

Asubuhi akaleta watatu kutoka stendi. Fundi umeme alikuwa Mabula, kinyozi. Mama Suzana akawatengea ugali na dagaa, akawamwagia maji ya kunawa, na walipokuwa wananawa akawa anatazama mikono yao.

"Wewe ni mwashi? Vidole laini hivi, saruji haijakung'ata hata siku moja?" Akamgeukia Mabula. "Na wewe wa umeme, niambie baba. Umeme unapita kabla ya plasta au baada ya plasta?"

Mabula akamtazama Marselino, akatazama dagaa. "Unapita... kama haujakatika."

Walikula wakashiba, wakaenda zao, na huo ndio ukawa ujira wao. Marselino akabaki na ufunguo wa kufuli anauona shingoni mwa mama.

Ikabidi atafute mafundi wa kweli. Akaanza na Ghati, fundi rangi, kwa sababu rangi inang'aa haraka. Ghati akaingia sebuleni, akainua uso, akaliona anga, akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo.

"Injinia, nipake nini, mawingu? Rangi ni ya mwisho! Kwanza paua. Halafu umeme na bomba watoboe kuta, halafu mwashi apige plasta, halafu marumaru, milango, ndipo uniite mimi. Au unataka nipake leo, kesho fundi umeme aje na tindo?"

Marselino akaandika yote kwenye kiganja.

Laki nane ziliwalipa seremala wa kupaua na nusu ya mwashi. Nusu iliyobaki ya mwashi ilimeza simu yake. Fundi bomba alikula saa ya mkononi, fundi marumaru akaondoka na viatu vya ngozi. La ajabu, vifaa havikumpa shida: kila asubuhi alikuta bati zimeshushwa, waya umeshushwa, marumaru zimepangwa. Kweli mama huyu ana ng'ombe, aliwaza, na tamaa ya milioni nne ikamnenepea moyoni. Kila fundi aliyefika alimwita mwenye nyumba "Mama letu" na kuulizia dagaa. Ghati ndiye aliyemfumbua macho: Mama Suzana aliwapikia mafundi wa Kahama miaka kumi na mitano, saiti hadi saiti. Marselino aliposikia hivyo miguu ilimwambia kimbia. Soksi ikamwambia kaa.

Akakaa. Na tuseme haki yake: wiki ya tano alibishana na fundi bomba juu ya mteremko wa bomba la choo, na injinia ndiye aliyekuwa sahihi. Alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya dhahabu, ingawa hakumwambia mtu.

Wakwe wakaja. Baba yake Noela alizunguka nyumba nzima, akagonga milango, akafungua bomba, akawasha taa mchana kweupe, mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika. Vigelegele vikapigwa. Marselino, kandambili miguuni, alisimama uani, na Mama Suzana akamletea pikipiki yake, imeoshwa inang'aa.

Akafungua kiti. Soksi ilikuwepo. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri, haina kitu.

"Mama... humu kulikuwa na..."

"Kulikuwa na nini, baba? Sema kwa sauti, wageni wakusikie."

Bwana harusi akatokea nyuma ya mama yake, suti mpya, tabasamu la zamani. Alikuwa Mayala.

"Kaka mpimaji! Ile dhahabu yangu ya Runzewe, majibu yametoka?"

"Yametoka, mwanangu," alijibu Mama Suzana. "Ilikuwa safi. Duka la vifaa hawakulalamika hata kidogo. Si uliniambia, pikipiki nyekundu, mvumilivu hula mbivu? Nami nikavumilia."

Marselino akafunga kiti. "Na... milioni nne zangu?"

"Fundi mwangwi hajaja. Fundi upepo hajaja. Kona zangu hazijatulia. Wakija wote watatu, nitakulipa."

Pikipiki haikuwa na tone la mafuta. Aliisukuma hadi barabarani, na hapo baba yake Noela akamkimbilia, anahema.

"Injinia! Nimeambiwa nyumba ile umeisimamia wewe. Mimi nina yangu Geita, imekwama kwenye lenta."

Marselino akasimama. "Mzee, mkeo amewahi kupikia mafundi?"

"Hata siku moja."

Mkono wa Marselino ukaenda wenyewe kwenye begi, ukaishika kofia ngumu nyeupe, ukaitoa nusu.

Ndani ya nyumba mpya Mama Suzana akakohoa. Mara moja tu. Na kwa kuwa fundi mwangwi hakuwahi kuja, kikohozi kilifika barabarani.

Marselino akairudisha kofia. "Anza na kupaua, mzee," alisema, akashika usukani. "Rangi iwe ya mwisho. Na injinia usitafute."