Mguu wa Kushoto na Lori la Voi

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Leo jiwe limeniangukia mguu wa kushoto pale tunapojenga kiwanda cha chai, nje ya Nyamira. Wenzangu wamenileta hospitali ya misheni kwa machela ya magunia. Sista Drusilla, mrefu, saa imebanwa kifuani, akabonyeza mguu kidole kwa kidole. Alipofika ukingoni, karibu na kidole kidogo, nilizuia pumzi. Sikusema neno. Akaandika kitu kwenye faili.

Baadaye ndipo nikajilaumu. Nafasi nzuri kama ile ya kulia, na mimi nimekaa kimya kama gogo!

Maana Ishmael, nyapara wetu, alisema mambo mawili kabla ya kuondoka. Kwanza, buti ni za kampuni, akazibeba. Pili, Jumapili lori linakwenda Voi kuchukua mabomba stesheni. Si Jumamosi, kwa kuwa dereva ni Msabato. Mwenye cheti cha hospitali kwamba hawezi kazi wiki tatu, lakini safari anaweza, atapewa nafasi nyuma. Nauli ya basi sina, mshahara hutangulia nyumbani.

Kutoka Voi hadi kwetu Wundanyi ni kupanda mlima tu. Nilipoondoka Wakesho alikuwa tumboni. Sasa anakimbiza kuku. Mghoi, mama yake, ameandika kwamba mtoto humwita baba kila mwanamume mwenye kofia. Juzi alimwita hivyo karani wa chifu. Huyo karani simpendi tangu zamani.

Lazima cheti kipatikane.

Jumanne, 8 Agosti

Nimelia tangu uji wa asubuhi. Kitanda cha kulia kwangu yuko Ombui, mwenye duka Masimba, aliyepasuliwa ngiri. Akaniuliza kama kwetu wanaume hutahiriwa wakiwa wamelala usingizi. Wodi nzima ikacheka. Hapa kwa Wakisii, mtu aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho hawezi kulilia jiwe. Nikamjibu kwamba mimi ni Mtaita, nalia kwa desturi ya kwetu. Uongo. Baba yangu angesikia angenikana.

Sista akaja, akashika kifundo cha mkono wangu, akatazama saa yake, akaniomba niendelee. Nikaendelea. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za redio. Kisha akanipa aspirini mbili.

Na Mzee Nyangau wa kitanda cha kushoto akapata sindano! Mzee huyu aliteleza kwenye shamba lake la chai akavunjika nyonga. Kila akiulizwa hali hujibu "buya", yaani ni nzuri. Siku nzima hajasema jingine. Nikalalamika. Ombui akaniambia mimi ni mjinga: Sista hasikilizi mdomo wa mzee. Hutazama chakula kilichobaki, jasho juu ya mdomo, na vidole vinavyoshika blanketi. Sindano humpa mapema, ndipo baadaye wamgeuze upande. Tena humpa kidogo kidogo, kwa sababu dawa hukaa sana katika mwili wa mzee.

Kwa hiyo ndivyo inavyofanywa.

Jumatano, 9 Agosti

Nimeacha kulia. Leo nimekuwa mzee. Nimeshika blanketi kwa vidole vyote kumi. Nimejibu buya mara saba. Mchana zikaja ndizi za kupikwa na maharagwe, nikageuza uso ukutani.

Njaa ilikuwa kali. Mzee Nyangau akanisukumia sahani yake, akasema yeye hawezi, na chakula cha watu kisitupwe. Sista alikuwa wodi ya watoto. Nikala ya mzee yote.

Jioni Sista akaona sahani yake tupu, akafurahi. Akaandika kwamba mzee ana nafuu, sindano isubiri. Wakaja wauguzi wawili kumgeuza. Mzee akasema buya. Lakini niliona shingo yake, jinsi mishipa ilivyosimama, na chozi moja likaingia sikioni.

Nikasema. Nikasema maharagwe niliyala mimi. Wakamlaza palepale, Sista akaleta sindano, wakasubiri nusu saa kabla ya kumgusa tena. Baada ya hapo akanigeukia. Sitaandika aliyoniambia. Ombui alicheka hadi mshono ukamuuma, akakumbatia mto wake kama alivyofundishwa na Sista: ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto tumboni.

Mimi sina mto wa kukumbatia. Nilikohoa mara tatu. Sikuletewa.

Alhamisi, 10 Agosti

Mpango wa mzee umekufa. Nimegundua mwingine.

Wodi ya watoto iko ng'ambo ya ukumbi. Kuna msichana wa miaka sita, Bochaberi, aliyemwagikiwa chai ya moto mkononi. Halii. Ombui anasema mtoto akinyamaza hivyo ndipo Sista huogopa. Basi Sista humwekea punje tano za mahindi kwenye shuka. Moja ni maumivu kidogo, tano ni yale yasiyo na zaidi. Leo mtoto alimpa punje nne. Sista hakugusa bendeji kwanza. Aliilowesha kwa maji ya vuguvugu, akamwambia ahesabu ndege wote dirishani, na bendeji ikatoka. Kisha mtoto akampa punje mbili tu.

Nikaomba punje zangu. Sista akanipa tano bila kucheka. Aliporudi nilikuwa na tisa.

Akazitazama kwa muda. Akasema naona maumivu yako mengine yameshachomwa. Zile nne nilikuwa nimezitoa kwenye hindi la kuchoma la Ombui.

Nikamwambia basi na mgongo unauma, anisugue kama anavyowasugua akina mama wa wodi ya uzazi. Akasema akina mama huwasugua huku akihesabu dakika kati ya uchungu na uchungu. Kama na mimi nimekaribia, nimwambie aandae kitanda.

Mvua ya mawe ikanyesha jioni. Vilima vya hapa vinafanana na vya kwetu, hata migomba. Afadhali ingekuwa jangwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Msiba. Daktari amesoma faili langu. Ameuliza mtu gani huyu aliyelia kutwa kwa mguu, akala chakula cha mwenziwe, akaumwa na mgongo pia. Anafikiri kuna ugonjwa uliojificha. Nikae hadi Jumanne, nipelekwe eksirei Kisii. Mtu mwenye maumivu kiasi hiki hawezi kupanda nyuma ya lori.

Ishmael akapita akasema nafasi imebaki moja, na tingo, msaidizi wa dereva, ameitamani.

Kesho nitakuwa mzima.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimepona. Nilitandika vitanda viwili. Nilichota maji. Kwaya ya Wasabato ilipokuja kuwaimbia wagonjwa nilisimama nao mstari wa nyuma, nikaimba Kikisii nisichokijua. Nilipogeuka, ukingo wa mguu ukagonga chuma cha kitanda. Nikanyamaza. Dunia ikawa nyeupe kidogo.

Sista Drusilla aliona. Akanikalisha. Akaniambia kwamba Jumatatu alishaandika: ukingoni huenda mfupa umepasuka, apumzishwe wiki tatu, safari anaweza. Alijua kwa sababu alipobonyeza pale nilizuia pumzi na kunyamaza. Ilibaki sahihi ya daktari tu. Kisha Jumanne nikaanza kulilia goti, paja, kichwa, kila mahali isipokuwa pale, na daktari akaweka kalamu chini. Sasa daktari yuko Kisii hadi Jumanne.

Nikauliza kama yeye hawezi kutia sahihi. Akasema hawezi. Nikauliza mara ya pili.

Akaniuliza kwetu kuna nani. Nikamweleza. Kuku, kofia, karani wa chifu, yote. Sista hakuandika kitu. Akasema, pole, Baba Wakesho.

Miaka hii yote hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mghoi tu kwenye barua.

Nilinyamaza. Akanitazama usoni, akainuka, akamnyang'anya Ombui mto, akaniletea.

Jumapili, 13 Agosti

Lori limepita alfajiri. Nililijua kwa gia, linavyokoroma kwenye kilima cha hapa mbele. Likapiga honi. Ni Ishmael aliyemwambia dereva apige, aniage. Wodi yote ilikuwa macho na hakuna aliyenitania, hata Ombui.

Likaacha kabisa kusikika.

Mzee Nyangau akageuza shingo polepole. Kwa Kiswahili chake kifupi akasema, "Hiyo inauma, kijana wangu."

Nikasema, "Buya, mzee."

Jumanne, 15 Agosti

Eksirei imeonyesha ufa kwenye mfupa, palepale. Nimepigwa plasta. Cheti ninacho mkononi, na sahihi: wiki tatu bila kazi, safari anaweza. Mwisho wake tarehe 5 Septemba. Ishmael amekuja kuniambia lori jingine la Voi ni Jumapili, tarehe 10, siku tano baada ya cheti kwisha.

Sista alinishauri vizuri. Akasema tarehe hiyo ikikaribia, niende kwa Ishmael, nimweleze mambo ya mtoto kama nilivyomweleza yeye, bila kuongeza kitu. Huenda akaniruhusu. Nikamshukuru sana.

Lakini nimefikiri. Jino! Jino halina ufa wa kuonekana wala mahali pa kubonyeza, na uso huvimba ukiweka pamba ndani. Pamba hapa iko nyingi, nimeshaweka kidogo kando. Ombui anasema nianze kuugua tarehe 4, nisicheleweshe.

Nimemwandikia Mghoi leo. Amwambie Wakesho asimwite tena baba kila mwenye kofia. Baba yake ndiye atakayeshuka kwenye lori ameshika shavu.