Mupangaji wa Jicho Yangu

Jumatatu, tarehe 8 juin 1953

Ukungu imerudi! Tena ndani ya jicho ya kuume, ile moja tu yenye kubaki. Ya kushoto ilikufa zamani, jiwe ya shamba iliirukia. Mwaka jana Docteur alinitoa mutoto wa jicho, akanipa lunette ya macho, nene kama kitako cha chupa, nikaona mupaka viroboto vya mbwa wa jirani. Sasa niko kama ndani ya moshi ya jikoni. Naandika herufi kubwa sawa vichwa vya ng'ombe. Haizuru. Mimi Sebarenzi nilisoma miaka mbili kwa mapadri, na kwa sauti nilishinda darasa lote.

Nilimuita Marcellin, infirmier wa hapa Kashuga, musaidizi wa Docteur. Akamulika. Akasema mutoto wa jicho alitoka, lakini mufuko wake ulibaki, na mufuko njo umeota ukungu. Docteur atapita Ijumaa, atautoboa na sindano. Kisha anaenda Ulaya mwaka muzima. Nisikose, ao nitashikwa mukono kama kipofu.

Bibi yangu Mukandayisenga alicheka mupaka akakaa chini. Eti muzee amezaa, kondo ya nyuma imekatala kutoka! Akaenda kulisema kwenye maji. Sasa wanamama wote wananisalimia: Pole na uzazi, Papa.

Wacheke. Mimi nimefikiri. Mutoto alitoka, nyumba ikabaki bure, bila muntu ndani. Nyumba bure inaingiwa na kila muntu. Sindano ya nini? Inaomba mupangaji!

Jumanne, tarehe 9

Marcellin anasema Docteur alisoma kwamba kule Ulaya munganga mumoja anaweka ndani ya jicho kioo kidogo, kitu cha ukingo mviringo kama dirisha ya avion, ile ndege ya chuma. Lakini hata nyuma ya ile, ukungu inaweza kurudi.

Bila shaka inarudi! Hawa bantu hawajalima. Kioo yao iko na ukingo mviringo. Urwiri, ile majani yenye kutambaa chini ya udongo, inapita wapi? Kwenye ukingo mviringo. Ukichimba mufereji wa ukingo wima, mukali, inasimama pale na kulia. Basi, kioo ya ukingo wima! Nani aliwaza hii? Hakuna. Mimi.

Nzabandora jirani yangu alipasuliwa jicho siku moja na mimi, akapewa lunette sawa na yangu. Yake ingali safi. Anapita kila siku kuniambia vyenye anaona. Leo eti, Papa Sebarenzi, naona nyani huko pori ya Walikale, anajikuna. Nilimuambia amusalimie ndugu yake.

Jumatano, tarehe 10

Natafuta kioo. Chupa ya pombe: kijani sana, dunia yote itakuwa sombe, majani ya muhogo. Dirisha ya misioni: mupishi alinifukuza na mwiko. Taa ya camion yenye kwenda Pinga: shofa aliniuliza kama nataka na moteur ndani ya jicho.

Jioni, ikanijia. Lunette yangu! Kioo ya Ulaya, na imeshazoea jicho yangu.

Alhamisi, tarehe 11

Nilipiga nyundo kioo ya kuume. Nikachukua kipande, nikakinoa na maji kwenye jiwe ya panga mupaka kikakuwa kama haragi. Ukingo wima. Kizuri! Mukandayisenga akauliza sababu gani sikuvunja ya kushoto, yenye kukaa mbele ya jicho yenye kufa. Wanawake! Kioo ya kushoto haijaona kitu hata siku moja. Iko kipofu sawa na mwenyewe.

Nikakiweka kwenye lupango, mbele ya nyumba, kikauke. Kuku akameza.

Ikabaki ya kushoto. Nikaivunja pia. Nitaifundisha.

Ijumaa, tarehe 12

Docteur alifika. Dispensaire, nyumba ya dawa, imejaa, Nzabandora mbele kabisa. Nilikatala sindano. Nikasema: weka kwanza mupangaji. Nikafungua mukono.

Docteur akawa mwekundu kama nyanya. Akasema kioo hii iko muzito, itaanguka ndani ya jicho kama jiwe kwenye kisima. Akauliza kama iko safi. Nikajibu, nimeitokosa pamoja na maharagi. Bantu wakaanguka na kicheko. Docteur akasema anaondoka, nichague.

Sikutikisika! Nilikaa kama mulima.

Njo Mukandayisenga akasimama mbele ya wote. Akasema hakuolewa kanisani ili avute muzee na fimbo mupaka kaburi. Nikitoka vile, shamba lote la maharagi atamupa Nzabandora alichunge, juu yeye njo mwenye macho. Na Nzabandora, bila haya, akasema: Haina neno, mama, nitaanza kesho.

Nikalala kwenye meza. Kwa mapenzi yangu mwenyewe.

Sindano iliingia. Ukungu ikafunguka kama pazia. Mwangaza! Nililia, lakini sababu ya dawa. Docteur akafurahi, akasema: Sasa, Papa, vaa lunette yako.

 Marcellin akaangalia viatu vyake. Mukandayisenga njo alieleza yote, mupaka kuku.

Docteur alikaa chini. Akasema lunette ingine itatoka Ulaya, miezi mingi.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Niko naona mwangaza mingi, lakini vitu havina mupaka. Kwenye misa nilimuinamia Padri kwa heshima, nikamuuliza habari za tumbo. Ilikuwa nguzo ya kengele.

Bantu wanasema sindano iliniponya. Bongo, uongo mutupu! Ukungu ilisikia mupangaji anakuja, ikatoroka. Docteur mwenyewe alipogeuza kioo yangu alisema "Tiens!", ni kusema "Kumbe!", kisha akaitupa kwenye ndoo, wengine wasiione. Ameogopa.

Shida haikuwa akili. Shida ilikuwa kioo haitoshi. Kisha ya misa nilimupa Nzabandora mukono. Nikamuambia, kaka, lunette yako imechafuka, unaonekana kama muntu wa kuchoka. Nipe nikupangushie vizuri, nitakurudishia kesho asubui.

Mujinga alisema asante.