Wiki Niliyokuwa Maiti Sebuleni

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Shule imefungwa mpaka maji yatoke darasani, kwa hiyo wajukuu wangu wote wawili wako nyumbani: Violeth, miaka sita, na mdogo wake Beatus, miaka minne. Nasema nyumbani kwa heshima tu. Kutwa wako kwa jirani Polikarpo wanaangalia katuni.

Asubuhi mama yao, binti yangu Gladness, alipiga simu kutoka Kidatu. Anafanya kazi kwenye miwa, na zamu zake haziruhusu kukaa na watoto. Akasema Jumamosi mama mdogo Wilhelmina, mdogo wa mke wangu, atatoka Mchombe kuja kuona hali. Nikauliza hali ya nini. Akasema ya watoto, baba, tangu mama afariki. Mama mdogo akiona unashindwa, atawachukua.

 Margareta wangu alifariki mwanzoni mwa Desemba. Hawa wakiondoka, nitabaki na kuku wawili, na mmoja anaumwa.

Mpango: watoto wacheze humu ndani, wafurahi, wamsahau Polikarpo. Wilhelmina awakute wanacheka kwao.

Mchezo wa kwanza, pantoni. Nilifunga kamba za pantoni pale mtoni miaka kumi na tisa, mpaka daraja lilipofunguliwa. Kitanda kikawa pantoni. Nikapanga abiria, nikakagua kamba, nikawaambia wasubiri lori la mpunga. Violeth akauliza tukifika ng'ambo tunafanya nini. Nikasema tunarudi. Akauliza sasa tulivuka kwa nini.

Miaka kumi na tisa sikuulizwa hivyo hata siku moja. Nilipopata jibu walikuwa wameshatoka, beseni kichwani, wanakimbilia kwa Polikarpo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mchezo wa kutafuta karanga. Nilificha karanga arobaini kila pembe ya nyumba. Zilipatikana ishirini na sita. Hapo Beatus akagundua kwamba nyingine zimejaa kwenye sahani jikoni, akaketi kando ya sahani, mchezo ukaisha. Zile kumi na nne sikumbuki nimeziweka wapi.

Margareta alikuwa akimenya karanga kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba tu, mkono wa pili ukishika redio sikioni. Sijaona mwingine anayeweza.

Jioni Polikarpo alipita. Akaniuliza kama ni kweli siku hizi nawaficha watoto chakula. Akasema kwake hawatafuti, wanapewa.

Jumatano, 10 Aprili

Sisimizi wamezipata zile kumi na nne. Nusu zilikuwa kitandani kwangu. Nimelala kwenye benchi.

Saa nne umeme ukakatika mtaa mzima. Nilishukuru, Mungu anisamehe. Nikafunga madirisha, nikawasha tochi, nikawafanyia vivuli vya wanyama ukutani. Nilipofanya sungura, wakasema ni mkono. Nikafanya mamba, huyo nilimpatia kabisa. Wakasema ni mkono mwingine.

Kisha tukasikia muziki wa katuni katikati ya mvua. Polikarpo ana sola. Sikujua kwamba ana sola.

Alhamisi, 11 Aprili

Violeth bado anatafuta karanga, haamini kwamba sisimizi wamezimaliza. Leo alifungua sanduku la bibi yake, ambalo mimi sijaligusa tangu Desemba. Akatoa kitenge cha kijani. Nilitaka kumwambia arudishe, ikatoka harufu ya sabuni aliyokuwa akitumia Margareta, nikamwacha.

Akajifunga, akanyoosha miguu mkekani kama bibi yake, akatangaza kwamba tunacheza msiba.

Anajua kila kitu, bibi yake alikuwa akienda naye misibani. Nani anachota maji, nani anashika mfiwa, wanaume wakae nje. Beatus akawa katekista, mwiko wa kunyunyizia maji ya baraka mkononi. Sala anayoijua ni ya kabla ya kula, basi tukabarikiwa kwa hiyo. Maiti alikuwa mto wa kitandani, lakini Violeth akasema mto haujafa vizuri. Nikalala mimi.

Wakanifunika kitenge. Akaniuliza nimekufa kwa nini. Nikasema homa. Akasema hapana, babu, wewe umechoka tu.

Walicheza mpaka saa kumi. Hakuna aliyemtaja Polikarpo. Na kuwa maiti si kazi ngumu. Unalala, unahesabu mabati, unakumbuka.

Ijumaa, 12 Aprili

Habari zimeenea. Watoto tisa leo, wakiwemo wajukuu wa Polikarpo mwenyewe. Tumetoa mabenchi barazani kwa ajili ya wanaume, ambao mkubwa wao ana miaka saba. Violeth ameanza kuwarudisha wasiojua kulia.

Polikarpo alikuja mpaka mlangoni. Kwake katuni ilikuwa inaimbia viti. Akasema huu si mchezo, mzee mwenzangu, mnajiitia balaa. Nikamjibu nikiwa chini ya kitenge kwamba aache wivu.

Wakati wa kula nilimuuliza Violeth kwa nini anaupenda mchezo huu. Akasema siku ya kuzikwa bibi walipelekwa kwa jirani, hawakuona.

Sikumaliza wali wangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Kwa hesabu yangu Wilhelmina angefika jioni, barabara ya Mlimba ilivyo. Watoto wakaomba mara moja tu, ya mwisho. Nikakubali. Nikalala.

Wilhelmina alikuwa ametoka Mchombe kabla ya jua. Saa nne akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba. Akaona mabenchi barazani. Akaona kandambili zimejaa mlangoni. Akasikia vilio. Mtu mzima yeyote wa huku angefanya alichofanya yeye: alivua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akaingia akilia, akajitupa mkekani pembeni yangu.

Nilitaka kuinuka papo hapo. Lakini akaanza kunitaja. Shemeji, umeondoka bila kuaga. Shemeji mpole, hukuwahi kumpandishia dada sauti hata alipounguza wali. Tangu Desemba hakuna aliyeniambia jambo kama hilo. Nikajisemea nisikie kidogo, halafu nitainuka.

Kilio cha mtu mzima kinafika mbali. Nikasikia majirani wakiingia, kuni zikitupwa uani, mtu akimpigia Gladness simu. Nikasikia sauti ya Polikarpo akiuliza turubai lifungwe wapi. Alikuwa analia, nashindwa kumwelewa mtu huyu.

Kisha Wilhelmina akashusha sauti. Akasema shemeji, ukifika unisalimie dada. Mwambie nilitoka siku ile ile niliyoambiwa anaumwa. Mwambie maji yalikata barabara, nikakaa siku mbili ng'ambo nikiwa nimemshika kuku niliyemletea. Mwambie nilipofika mlikuwa mmeshazika, na sijui kama alinisubiri.

Miezi minne nilimkasirikia mwanamke huyu kwa kuchelewa. Sikumuuliza hata mara moja.

Nikaona salamu kama hizi mtu hawezi kuzipokea amelala. Nikaketi.

Wanawake wawili walikimbilia nje kupitia dirishani. Polikarpo alidondosha turubai na kuita mtakatifu ambaye sijawahi kumsikia. Wilhelmina alinipiga kandambili mara tatu, na zote nilistahili. Katekista aliendelea na sala ya chakula mpaka mwisho.

Jumapili, 14 Aprili

Gladness alifika jana jioni, macho yamevimba. Alinikumbatia, akanigombeza, akanikumbatia tena.

Majirani walikataa kurudishiwa mchele walioleta, kwa hiyo Wilhelmina akaupika, na leo tumekula wote pamoja, sinia moja. Tangu msiba wenyewe nyumba hii haijawa na watu wengi hivi. Wilhelmina akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo kama nilisikia yote. Nikamwambia nilipitiwa na usingizi. Akasema asante, shemeji.

Nikamwambia pia kwamba Margareta alimuulizia, na kwamba nilimjibu yuko njiani. Ni kweli. Wilhelmina alilia kidogo, akaosha vyombo.

Baada ya hapo wakaamua. Watoto wanakwenda Mchombe kesho. Gladness alisema si kwa ubaya, baba, lakini watoto hawawezi kulelewa wakizika kila siku. Niliomba wiki moja. Wilhelmina akasema kwa upole kwamba wiki moja nilikuwa nayo.

Jumatatu, 15 Aprili

Wameondoka na basi la kwanza. Violeth aliuliza huko Mchombe maiti atakuwa nani. Wilhelmina akasema hakuna. Violeth akaniangalia kwa huruma, nadhani, kama mtu aliyepoteza kazi.

Gladness amerudi Kidatu. Mvua bado.

Polikarpo alikuja kunialika katuni. Nilikwenda nusu saa. Kuna panya anafukuzwa, hakamatwi. 

Nimekaa nikafikiri. Tangu arobaini ya mama yake, Gladness alikuwa hajafika, hata Pasaka alisema zamu. Wilhelmina havuki maji yale bila sababu. Jumamosi walifika wote wawili kabla ya jua kuzama, na mchele ukaja wenyewe. Kufa kulizidi, hapo nakubali kosa. Lakini homa? Homa ya wastani, ianze Alhamisi, ili Ijumaa Gladness aombe ruhusa na Wilhelmina awahi na watoto kabla barabara haijakatika. Kesho nitamuuliza Polikarpo kama anaweza kupiga simu kwa sauti ya huzuni. Kulia anajua, nimemsikia.