Bibi Dot Haombi Mara Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Gari limegoma. Mimi sijagoma. Jumamosi nacheza sataranji na Marlys Tveit kwenye chumba cha chini cha kanisa, na atakayeshinda ndiye atakayekaa meza ya kwanza mwezi wa tatu klabu yetu ikiwavaa watu wa Tolley Creek. Meza ya kwanza ni yangu! Nimeikalia miaka kumi na mmoja, tangu marehemu Orville alipoiacha wazi kwa kufa. Iko karibu na hita. Picha ya anayeikalia hubandikwa maktaba, pale mlangoni, kila mtu aione.

Marlys aliendesha basi la shule miaka thelathini. Akastaafu. Akajifunza sataranji Septemba. Septemba hii iliyopita! Sasa Duane Hokanson, mwenyekiti wetu, anayelala na kitabu cha kanuni chini ya mto, anasema lazima nikitetee kiti. Nafuu moja tu: tukitoka sare, mwenye kiti anabaki na kiti chake. Sina haja ya kushinda. Nina haja ya kutoshindwa, basi.

LaVonne, mke wangu, ameuliza kwani nikikaa meza ya pili nitakufa. Nimejiandikisha kwenye tovuti ya kucheza na kompyuta. Mazoezi ya siri. Marlys atanitambua.

Jumanne, 4 Februari

Kompyuta inakupa wapinzani wenye sura na majina, kuanzia dhaifu hadi mkali. Nikaanza na wa chini kabisa, kunyoosha viungo tu. Ni bata. Bata aliyevaa skafu.

Nimefungwa na bata.

Mara ya pili pia. LaVonne alikuwa anapita na kapu la nguo, akauliza, mzee, huyo bata amekufanyaje? Nikamwambia ni mbinu, namsoma kwanza. Akasema naona na yeye anakusoma.

Mchana nikagundua kitufe cha kurudisha hatua. Kitufe kitamu! Ukikosea unabonyeza, na kosa halikutokea. Nimemfunga bata. Nilibonyeza mara thelathini na nne tu. Tovuti ikanipa cheti. Nimekichapisha, nimekibandika kwenye friji juu ya picha za wajukuu. Wajukuu wataelewa.

Jumatano, 5 Februari

Nimepanda daraja. Bibi Dot. Miwani, nywele nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi. Anafanana na Marlys kidogo, ndiyo maana nikamchagua. Kitufe hakifanyi kazi kwenye daraja lake, lakini nilicheza vizuri ajabu. Katikati ya mchezo Bibi Dot mwenyewe akaleta ujumbe: tutoke sare? Moyo ukaruka. Nikabonyeza hapana.

Ningebonyeza nini kingine? Mtu aliyelelewa vyema hapokei kitu mara ya kwanza. Wala ya pili. Ukikaribishwa kahawa unasema usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema kwa kweli nimeshiba. Ya tatu unasema haya, tone moja tu, na unakunywa vikombe vitatu. Hapa Lake Hattie hata mbwa wanalijua hilo. Basi nikangoja aniombe tena. Nikangoja. Bibi Dot akamla malkia wangu. Hatua tisa baadaye mfalme wangu alikuwa maiti pembeni. Hakuomba tena! Na kikombe bado kakishika!

Nimewaandikia wenye tovuti barua kali. Nimewaambia mashine yao haikufunzwa adabu. Nikamsimulia LaVonne. Akasema labda ungekubali. Nikauliza, mara ya kwanza? Akasema ndiyo, mara ya kwanza. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na leo ndiyo nagundua kwamba simjui mwanamke huyu.

Alhamisi, 6 Februari

Ugunduzi! Nikimpeleka farasi wangu ukingoni na kumwachia Bibi Dot askari wa bure, anamla kwa malkia, na malkia ananasa. Kila mara! Nimerudia mchezo huohuo mara kumi na tisa. Kumi na tisa kwa sifuri! Nimeupa jina: Mtego wa Sundby. Mimi ndiye Sundby.

Wenye tovuti wamejibu. Wanashukuru kwa maoni. Wanasema Bibi Dot ametengenezwa arudie kosa lilelile ili wanaoanza wapate moyo. Uzushi mtupu. Wameona mtego wangu, wamepatwa na wivu.

Mchana nilimkuta Marlys dukani, ananunua chumvi ya kuyeyushia barafu. Nikamuuliza kijanja, kama mtu anayepitisha muda: ukiachiwa askari wa bure, huwa unamla? Akasema inategemea nani kamwacha na kwa nini ananiuliza. Kisha akacheka, akanipiga begani, akasema Verlyn bwana wee, lala usingizi, mchezo tu huu. Mchezo tu! Mtu anakuja kukutoa karibu na hita, halafu anakushauri ulale.

Akafungua gari, akanikaribisha keki ya limau. Nikakataa. Akanikaribisha tena. Nikakataa. Ya tatu nikachukua vipande vinne. Adui, lakini kalelewa. Hilo nimelihifadhi. Mtego ukishindwa, nitaishi kwa adabu zake.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda kanisani kuandaa uwanja. Yaani kuna kiti kimoja kinachoyumba kila ukihema, nimekiweka upande wa dirisha, palipo na upepo. Kizuri nimekiweka upande wa hita. Kesho nitawahi kukaa. Nahisi nina kipaji ambacho mji huu haukistahili.

Jumamosi, 8 Februari

Historia lazima iandikwe.

Duane akafungua kitabu. Kanuni ya sita: mtetezi anakaa upande wa dirisha. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kuyumba. Watazamaji tisa, LaVonne mmojawao, na sufu yake ya kufumia.

Nikautega Mtego wa Sundby. Marlys akamtazama yule askari kama mtu anavyomtazama samaki aliyesahauliwa kwenye gari tangu Jumapili. Hakumgusa. Akamla farasi wangu. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri, ila vitu vilianza kupungua mezani, na Marlys naye akakosea mara mbili kwa kuharakisha, maana mjukuu wake alikuwa na mechi ya hoki saa tisa. Tukafika mahali kila mmoja ana ngome moja na askari watatu. Saa ya mchezo ikionyesha nimebakiwa na dakika sita.

Marlys akasogeza, akatazama ukutani, akasema kwa sauti: tutoke sare, Verlyn?

Kiti changu! Hita yangu! Niliiona picha yangu ikiwa pale pale mlangoni mwa maktaba. Nikatabasamu. Nikasema, aa, Marlys, usijisumbue.

LaVonne akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari.

Marlys, Mungu ambariki, akauliza tena: una hakika? Sare tu, twende zetu. Hiyo ya pili! Nikasema kwa kweli hapana, wewe cheza. Marlys akafungua mdomo kwa ya tatu, na Duane akainua mkono. Kanuni ya kumi na moja: hairuhusiwi kumsumbua mpinzani kwa maombi ya sare yanayorudiwa. Bi Marlys asiombe tena.

Nikamwambia sisumbuki! Akasema nimekataa mara mbili mbele ya mashahidi tisa. Nikamwambia nilikuwa nakubali! LaVonne akapaza sauti, kanisa zima lisikie, kwamba mume wake akisema hapana mara mbili ana maana ndiyo, waandike sare watu wakale. Duane akasema kitabu hakina kifungu cha mke.

Kisha Duane, naye ni binadamu mara moja kwa mwaka, akaninong'oneza kwamba naweza kuomba sare mimi mwenyewe. Marlys akaitikia kwa kichwa kwamba atakubali. Mimi? Nijikaribishe? Mtu hajimiminii kahawa kwenye nyumba ya watu! Nikamtazama Marlys. Akanitazama. Nikayumba. Watu wakahema. Nikaendelea kumtazama kwa macho ya kusema kila kitu, mpaka saa ikalia. Muda wangu umekwisha. Nimeshindwa.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda ibada. Kiti changu kiko chini ya sakafu ileile.

Niseme ukweli, daftari hili halina wa kuniona: nimelia kidogo gereji.

Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi nimecheza na Bibi Dot. Ameomba sare. Nimekataa, kumpa nafasi ya kujirekebisha. Hajajirekebisha.

Saa tano simu ikalia. Marlys! Mechi ya Tolley Creek imeangukia siku ya fainali ya hoki ya mjukuu wake. Hawezi kuja. Akauliza, Verlyn, utanishikia meza ya kwanza? Akasema kile kiti ni chako tu, kila mtu anajua. Nimesamehewa! Nimerudishiwa! Nikamwambia hapana, Marlys, umekipata kihalali.

Akasema kwa kweli Verlyn, ningefurahi. Nikamwambia siwezi kabisa, mtafute mwingine. Akasema haya, kama hutaki sikulazimishi, nitamwambia Duane acheze yeye. Akakata.

Mbili hizo. Bado moja. Marlys ni mtu wa kwetu, atapiga. Simu iko mezani, sauti nimeiweka juu kabisa. LaVonne amesema mpigie wewe sasa hivi kabla hajampata Duane. Kweli simjui mwanamke huyu.

Ameniuliza kama nitakula. Nimemwambia usijisumbue. Ameuliza tena. Nimemwambia kwa kweli nimeshiba. Amepakua sahani moja, amekaa mbele yangu, anakula. Nangoja.