Choki ya Mashine ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe katangaza: banda la nyuma atapewa mkwe atakayemtunzia uwanja. Wakwe tuko wawili, mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Yeye tayari anakata nyasi kwa mashine ya mama, huku akipiga mluzi. Banda hilo lazima liwe langu! Karakana yangu iko chini ya kitanda, na mke wangu amechoka kukanyaga misumari.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Mashine ina choki inayojiendesha: injini ikiwa baridi inabana hewa, ikishawaka inajifungua yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo cha mpira na springi ndogo chini ya kabureta. Springi ikirefuka, choki haifunguki. Mashine itamwaibisha mwanyumba, nami nitaitengeneza mama akiona. Nimekwenda kumsalimia. Skrubu nne tu! Springi nimeivuta. Mama kanishukuru kwa kumkumbuka, kanipa chai.

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yamejipa! Mashine imekohoa moshi mweusi, ikazimika. Mwanyumba kavuta kamba hadi shati likalowa. Nikatokea, eti napita tu. Nikainama, nikasikiliza, nikatamka: choki. Akasema naye alidhani hivyo hivyo. Muongo! Mama kaagiza mashine iwe nzima kabla ya Jumamosi, ana wageni.

Ijumaa, 8 Machi
Springi ikishavutwa hairudi. Sikulijua hilo. Nimeikata kidogo. Moshi bado. Nimeikata tena. Sasa choki haifungi kabisa, na injini baridi haiwaki ng'o. Nikajaribu springi ya kalamu. Ikaruka, ikapotelea kwenye nyasi. Nyasi ni ndefu kwa sababu mashine ni mbovu. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 9 Machi
Mama kanikabidhi fyekeo. Nimefyeka uwanja wote, jua la utosi. Viganja malengelenge matupu. Wageni wamesifu sana. Mama kasema hajapata kuuona uwanja umependeza hivi, tena bila harufu ya petroli, na kuanzia leo kazi hii ni yangu. Moyo ulinidunda kwa furaha. Banda hilo linakuja!

Jumapili, 10 Machi
Banda kapewa mwanyumba! Mama alimwambia aichukue mashine, imeshakuwa chuma chakavu. Akatia springi mpya, ikawaka kwa mvuto mmoja. Nikamkumbusha mama ahadi yake. Akajibu kwamba mashine haiwezi kulala nje, ila fyekeo linatosha kutundikwa ukutani. Mwanyumba kaongeza kuwa springi ya zamani ilikuwa imechezewa. Kanitazama huku akipiga mluzi.

Nimebaki na fyekeo na Jumamosi zote za maisha yangu. Lakini kosa langu nimelijua: springi haivutwi, inakatwa tangu mwanzo. Skrubu ni zile zile nne. Kesho nakwenda kumsalimia mama. Bisibisi nimeshaitia kwenye soksi.